Nani ajuaye ubora wa nyumba? Wanafalsafa wa Magharibi na vijiji vya Buha



Huenda baadhi yenu mkashangaa kuuona ukurasa wa Ijumaa ukiwazungumzia Socrates, Plato, Aristotle, Rousseau na Mill. Mshangao huo una jibu jepesi. Wanazuoni wa Kiislamu hawakuwakimbia wanafalsafa wa Kiyunani. Waliwasoma, wakawafasiri, wakawakubali penye haki na wakawapinga penye makosa. Mjini Baghdad, katika karne ya 9, Hunayn ibn Ishaq, aliyekuwa Mkristo, pamoja na wenzake walivihamishia vitabu vya Kiyunani katika lugha ya Kiarabu chini ya ulinzi wa makhalifa. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliandika juu ya mji mwema na sifa za kiongozi wake. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyeishi kati ya mwaka 1126 na 1198, alikifafanua kitabu cha Plato juu ya dola, kwa sababu kile cha Aristotle juu ya siasa hakikumfikia. Plato wakamwita Aflatuni, na Aristotle wakamwita Arastu, kana kwamba ni majirani zao.

Hata hivyo, hatukusudii leo kujipamba kwa majina makubwa. Tunakusudia kuwauliza mabwana hao swali moja, ambalo watu wa Kasulu, Kibondo na Kitanga walikutana nalo kwa miguu yao na kwa majembe yao: je, mtawala anayejua, au anayedhani kwamba anajua, lililo jema kwa watu wake, anayo haki ya kuwalazimisha walifuate? Tutakiweka kwanza kisa chenyewe, kisha tutawaita wanafalsafa mmoja baada ya mwingine watoe hukumu yao, na mwisho tutatazama mafunzo yake kwetu.

Buha ilihamishwa mara mbili

Nyanda za juu za Kigoma ni nchi ya Waha. Kabla ya ukoloni palikuwa na falme kadhaa, zikiwemo Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo na Buyungu upande wa Kakonko. Kila ufalme ulikuwa na mwami wake. Lakini mwami hakuwa peke yake katika jambo la ardhi, kwani walikuwepo wateko, wazee wa ardhi, ambao walijulikana kwa kugawa mashamba na kusimamia mila zake. Watu hawakuishi kwa kubanana. Kila kaya ilijenga karibu na migomba yake na shamba lake la maharage, nyumba moja mlima huu na nyingine mlima wa pili.

Mara ya kwanza utaratibu huo ulivunjwa na Waingereza. Kuanzia mwaka 1933, kwa sababu ya ugonjwa wa malale unaoenezwa na mbung'o, serikali ya kikoloni iliwahamisha maelfu ya Waha na kuwakusanya katika makazi yaliyopangwa. Hoja yake ilikuwa ya kitabibu. Watu wakikaa pamoja, watafyeka vichaka kwa wingi, na mbung'o atakosa kivuli cha kujificha. Hoja hiyo haikuwa ya uongo. Lakini ni kweli pia kwamba watu waliokusanywa mahali pamoja ni wepesi kuhesabiwa, kutozwa kodi na kupelekwa kazini, na serikali ililijua hilo. Nyuma yao waliacha mashamba na makaburi ya wazee wao, na sehemu kubwa ya nchi waliyoiacha ikarudi kuwa pori.

Mara ya pili ilikuwa baada ya Uhuru. Mwaka 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na katika mwaka huohuo ikatolewa siasa ya ujamaa vijijini. Mwaka 1968 Mwalimu Julius Nyerere aliandika, katika waraka wake juu ya uhuru na maendeleo, kwamba mtu haendelezwi na mwingine bali hujiendeleza mwenyewe, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kujengwa kwa nguvu. Pamoja na hayo, mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na kaya za Buha zikatakiwa kuteremka kutoka katika makazi yao yaliyotawanyika na kujenga katika vijiji vipya, vingi vikiwa kandokando ya barabara. Mwezi Novemba 1973 kuishi kijijini kukawa amri kwa nchi nzima, na mwisho wa mwaka 1976 ukawekwa kuwa kikomo. Kufikia mwaka 1977 ilihesabiwa kwamba watu zaidi ya milioni 13 walikuwa wakiishi vijijini.

Tuseme kweli pande zote mbili. Vijiji vilisaidia kusogeza karibu shule, zahanati na bomba la maji, na wapo wengi leo waliojua kusoma kwa sababu shule iliwafuata. Lakini shamba la zamani likawa mbali, migomba ikaachwa, na ardhi iliyozunguka kijiji ikalimwa mfululizo bila kupumzishwa. Aliyezoea kusimama mlangoni akaiona mimea yake, sasa alitembea saa nzima kuifikia, akakuta ngedere wamekwisha kuvuna.

Wala tusidhani kwamba aliyeamuru hakusoma. Mwalimu alisoma Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, kisha Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, na falsafa ya maadili ilikuwa miongoni mwa masomo yake huko. Aliwajua wanafalsafa tunaokwenda kuwasikiliza. Hili ndilo linalokifanya kisa cha Buha kuwa na uzito. Si kisa cha jahili aliyewaonea watu, bali ni cha mtu mwenye elimu na nia njema, ambaye alikwisha kuandika kwamba nguvu haijengi.

Ama kuhusu ukweli

Tuanze na Socrates, aliyenyweshwa sumu kwa hukumu ya mahakama ya Athens mwaka 399 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Hakuacha kitabu, na habari zake tunazipata kwa mwanafunzi wake Plato na wengineo. Inasimuliwa kwamba alizunguka akiwauliza wanasiasa, washairi na mafundi kuhusu elimu yao. Kwa mafundi alikuta elimu ya kweli, kwani fundi viatu anajua viatu. Lakini alikuta pia ugonjwa mmoja: kwa kuwa wanajua kazi yao, walidhani wanajua na mambo mengine makubwa yasiyo kazi yao.

Tazameni sasa jinsi maneno haya yanavyoingia Kibondo. Daktari wa mwaka 1933 alimjua mbung'o kuliko Muha yeyote. Je, aliijua migomba? Alijua ni bonde lipi linalohifadhi unyevu wakati wa kiangazi? Mpangaji wa mwaka 1972 alijua ramani na idadi ya madarasa. Je, alijua ni udongo upi unaochoka baada ya misimu mitatu? Elimu yao ilikuwa kweli, lakini ilikuwa sehemu tu ya ukweli, nao waliichukulia kuwa ukweli wote.

Aristotle aliuelezea ukweli kwa wepesi: ni kukisema kilichopo kwamba kipo, na kisichokuwepo kwamba hakipo. Maelezo haya ni mepesi kuyasoma na mazito kuyatenda ofisini. Ripoti inaposema kwamba wananchi wameridhika, ilhali hawakuulizwa, hiyo si ripoti. Na lugha yetu inatufundisha jambo hapa. Neno letu haki limetokana na haqq ya Kiarabu, neno ambalo hubeba maana ya ukweli na maana ya stahili kwa pamoja. Anayeuficha ukweli amekwisha kuivunja haki kabla hajatoa hukumu yoyote.

Ama kuhusu haki

Katika kitabu chake juu ya dola, Plato anamleta mtu aitwaye Thrasymachus, anayedai kwamba haki si chochote ila maslahi ya mwenye nguvu. Plato anamjibu kwa mfano wa tabibu. Tabibu wa kweli hatazami faida yake bali afya ya mgonjwa, na hivyo hivyo mtawala wa kweli hutazama manufaa ya watawaliwa. Kutokana na mfano huo akajenga rai yake mashuhuri kwamba dola haitapata raha mpaka wanafalsafa wawe wafalme au wafalme wawe wanafalsafa. Na ili watawala hao wasiharibike, akawakataza kumiliki mali, dhahabu na nyumba zao binafsi. Msomaji anayelikumbuka Azimio la Arusha atakumbuka masharti ya viongozi, ambao walikatazwa kuwa na hisa katika makampuni, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Kati ya mambo hayo mawili upo udugu wa fikra.

Rai hii ina mvuto. Nani asiyependa kutawaliwa na mwenye hekima? Lakini Plato mwenyewe alikwenda Sicily kumfunza mtawala wa Syracuse, na safari zake zikaishia katika kushindwa. Na katika kitabu cha uzee wake juu ya sheria, aliurudia mfano wa tabibu na kuutengeneza upya. Alisema matabibu ni wa aina mbili. Yupo tabibu wa watumwa, anayepita mbio akitoa amri bila maelezo. Na yupo tabibu wa watu huru, anayekaa na mgonjwa na jamaa zake, anauliza, anaeleza, wala hatoi dawa mpaka amekwisha kumridhisha mgonjwa.

Ndugu msomaji, hatuhitaji shahidi mwingine juu ya makazi ya malale. Dawa huenda ilikuwa sahihi, lakini tabibu alikuwa wa watumwa.

Ama kuhusu fadhila

Aristotle, aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 kabla ya Isa (a.s.), alikaa katika chuo cha Plato kwa takriban miaka 20, kisha akatofautiana na mwalimu wake. Kwake yeye, fadhila haipatikani kwa kuhubiriwa tu, bali kwa mazoea. Mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu, na huwa shujaa kwa kutenda ushujaa, tena kwa kuchagua mwenyewe. Fadhila nyingi husimama katikati ya maovu mawili, kama ukarimu unavyosimama kati ya ubahili na ubadhirifu.

Tukilichukua fundisho hili mpaka Buha, tutaona kosa lilipoingia. Ujamaa, kwa maana ya kusaidiana, ulikuwa ni fadhila. Waha walijua kulima pamoja na kujengeana nyumba kabla hawajaletewa waraka wowote. Lakini fadhila iliyoamriwa hubadilika ikawa mahudhurio. Mtu hufika shambani ili jina lake liandikwe, na jembe hunyanyuliwa karani akiwa anatazama. Aristotle alikwisha kuonya kwamba kilicho cha watu wengi kwa pamoja hupata uangalizi mdogo kabisa, kwa kuwa kila mmoja humtegemea mwenziwe.

Na ni Aristotle huyu huyu aliyetoa mfano ambao tumeuchukua kuwa kichwa cha makala hii. Aliuliza: nani hakimu bora wa nyumba, aliyeijenga au anayeikaa? Akajibu kwamba ni anayeikaa, kama ambavyo mla karamu huijua karamu kuliko mpishi. Kwa hiyo aliona watu wa kawaida, kila mmoja akiwa na elimu kidogo, wanaweza kwa pamoja kuamua vyema kuliko bingwa mmoja. Mwenye kuikaa nyumba ndiye anayejua inapovuja.

Lakini tusimtakase. Aristotle alisema wapo watu waliozaliwa kuwa watumwa, na kwamba mwanamke kwa maumbile ni wa kutawaliwa. Katika hili la mwanamke, Plato alimtangulia kwa kusema mwanamke mwenye uwezo anaweza kuwa miongoni mwa walinzi wa dola, na Ibn Rushd akaiunga mkono rai hiyo, akilalamika kwamba katika miji ya zama zake wanawake waliachwa kama mimea, bila kuandaliwa kwa fadhila yoyote. Karne nyingi baadaye, mwaka 1869, John Stuart Mill akaandika kitabu kizima dhidi ya kutawaliwa kwa wanawake, na kijana Nyerere, akiwa Makerere, akayatumia mawazo ya kitabu hicho kuandika juu ya hali ya wanawake wa kabila lake la Wazanaki. Na Buha ilitoa jibu lake bila kungoja kitabu. Katika miaka hiyohiyo ya 1940, kiti cha Heru kule Kasulu kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare.

Ama kuhusu utawala

Wanafalsafa wa zama za karibu walioandika juu ya serikali, wengi wao walionja ukimbizi. Thomas Hobbes aliikimbia Uingereza mwaka 1640 akakaa Paris, na mwaka 1651 akatoa kitabu akisema kwamba bila ya mtawala mwenye nguvu binadamu huishi katika vita vya kila mtu dhidi ya kila mtu. John Locke alikimbilia Uholanzi mwaka 1683. Jean-Jacques Rousseau aliikimbia Ufaransa mwaka 1762 baada ya kuamriwa akamatwe kwa ajili ya maandishi yake.

Watu wa Kigoma wanalielewa hili bila kufunzwa. Waliwapokea Warundi mwaka 1972, mwaka huohuo wa Operesheni. Wakawapokea tena kwa wingi baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Nduta ikafunguliwa tena mwaka 2015. Anayemsikia Hobbes akiogopa kuvunjika kwa dola, na awaulize waliovuka mpaka wakiwa na watoto mgongoni. Lakini awaulize pia waliwakimbia nani. Wengi watajibu kwamba walimkimbia yule mwenye silaha aliyepaswa kuwalinda. Hapo ndipo Locke alipomzidi Hobbes, aliposema kwamba serikali hupewa mamlaka kwa ridhaa ya watu ili iwalinde, na ikigeuka kuwa mwindaji wao imeyapoteza mamlaka yake.

Rousseau alisema jambo la hatari zaidi. Baada ya kueleza kwamba sheria ya haki hutokana na utashi wa wote, alisema kwamba anayeukataa utashi huo atalazimishwa kuwa huru. Maneno haya yamesumbua watu tangu mwaka 1762 hadi leo. Nani ataueleza utashi wa wote? Mara nyingi anayejitokeza kuueleza ni yule mwenye lori na askari.

Mill alimjibu kwa kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya uhuru. Alisema dola haina haki ya kumlazimisha mtu mzima kwa ajili ya manufaa ya mtu huyo mwenyewe. Inayo haki tu ya kumzuia asiwadhuru wengine. Na Immanuel Kant alikwisha kusema, mwaka 1785, kwamba binadamu asitumiwe kuwa chombo tu cha kufikia lengo, hata likiwa lengo zuri. Kwa mizani ya wawili hawa, Operesheni haikuwa na udhuru.

Lakini hapa nasi tuwashike wanafalsafa hawa kwa ulimi wao. Mill alifanya kazi katika Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki kwa takriban miaka 35, na katika kitabu hicho hicho cha uhuru aliwatoa nje watoto na watu wa mataifa aliyoyaona kuwa hayajaendelea, akisema kwao utawala wa mabavu unafaa ikiwa nia ni kuwainua. Locke, mtetezi wa ridhaa, alikuwa na hisa katika kampuni ya Kiingereza iliyofanya biashara ya watumwa wa Afrika. Kwa hiyo afisa wa kikoloni wa mwaka 1933 aliyeamua kutowauliza Waha hakuwa ameiasi falsafa yao. Aliufuata ule mlango wa nyuma walioucha wazi. Kosa halikuwa katika kanuni, bali katika orodha ya waliohesabiwa kuwa watu wazima.

Mizani ya shura

Hapa ndipo tunaporudi katika turathi yetu. Mtume Muhammad (s.a.w.), kabla ya vita vya Uhud, aliona ni bora kubaki ndani ya Madina. Aliwashauri maswahaba, na wengi wao, hasa vijana, wakataka kutoka. Akatoka. Yaliyotokea yanajulikana, Waislamu walipata msiba mkubwa. Lau mtawala wa kawaida angekuwa mahali pake, angesema: mmeona, kuanzia leo nitaamua peke yangu. Lakini aya ya 159 ya Surat Aal-Imran, iliyoteremka baada ya Uhud, inamwamuru awasamehe na aendelee kushauriana nao. Basi shura haikuwekwa kwa sababu watu hawakosei. Ikiwa aliyekuwa akipokea wahyi aliamriwa kuuliza, sembuse mkuu wa wilaya?

Mafunzo

Kwanza, nia njema haiondoi wajibu wa kuuliza. Mwalimu alikuwa na nia njema, na alikwisha kuandika kanuni sahihi mwaka 1968. Kilichokosekana ni subira ya kuingoja kanuni yake mwenyewe izae matunda.

Pili, elimu ya mtaalamu na elimu ya mkaaji ni nusu mbili. Jambo hili bado liko hai Kasulu, ambako pamekuwa na mvutano wa miaka mingi baina ya wakulima na hifadhi ya msitu wa Makere Kusini. Msitu una haki ya kulindwa, kwani maji ya vizazi vijavyo yamo ndani yake. Mkulima naye ana haki ya kusikilizwa kabla mpaka haujachorwa, si baada ya mahindi kufyekwa.

Tatu, chombo cha kuuliza tunacho. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeuweka mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi aliyefikia umri wa miaka 18 ni mjumbe wake, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji isigawe ardhi bila ya idhini ya mkutano huo. Watu wa Athens waliokusanyika kilimani kwao walimfungia nje mwanamke na mtumwa. Mkutano wa Kitanga haumfungii nje yeyote kati ya hao. Kwa jambo hili moja, kijiji cha Buha kimewapita Wayunani.

Lakini mkutano usiohudhuriwa ni jina tu. Anayebaki nyumbani siku ya mkutano, kisha akalalamika mpaka ukishachorwa, ameliacha kwa hiari lile ambalo babu yake alinyang'anywa kwa nguvu mwaka 1933 na baba yake mwaka 1972. Tuhudhurie, tuseme kweli, tusome muhtasari kabla ya kutia sahihi, na tumwulize mtaalamu bila ya kumdharau wala kumwogopa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi.